Hadithi inamfanyia nini mtoto mdogo? Sio lile fundisho la mwisho

Muulize mzazi yeyote hapa Kampala mtoto anasimuliwa hadithi ili iweje, jibu linakuja chap: apate maadili. Ndo mana hadithi zetu nyingi zinaishia na lile swali la kutisha, "haya, tumejifunza nini?", mtoto anaangalia juu anatafuta jibu ambalo mkubwa analitaka, anasema "tusiwe wachoyo", anapigiwa makofi, mambo yameisha. Ticha wa nasari anafanya hivyo, ustadhi wa madrasa anafanya hivyo, na vitabu vya watoto vyenyewe vimeandika fundisho kwa herufi nene ukurasa wa mwisho usije ukalikosa.

Mi naona hapo tunamlisha mtoto ganda, ndizi tunatupa.

Tuanze na hilo la maadili mana kuna watu walikaa wakalipima. Mwaka 2014 watafiti wa Canada, wakiwemo Kang Lee na Victoria Talwar, walichukua watoto 268 wa miaka 3 hadi 7 wakacheza nao mchezo wa kukisia mwanasesere kwa sauti yake, bila kugeuka kumwangalia. Katikati ya mchezo mkubwa anatoka kidogo, anamwambia mtoto usichungulie. Watoto ni watoto, wengi walichungulia. Mkubwa anarudi na kitabu, anasoma hadithi moja, alafu ndo anauliza: uligeuka kuangalia ama hukugeuka?

Sasa hadithi hazikuwa za aina moja. Wengine walisomewa ile ya kikaragosi cha mbao ambacho pua yake inarefuka kila kikidanganya, wengine ya mchunga kondoo aliyezoea kupiga yowe la uongo la mbwa mwitu mpaka wa kweli akaja na hakuna aliyetoka kumsaidia. Wengine walipata ile ngano ya Wamarekani kuhusu George Washington akiwa mtoto, alikata mti wa mcheri wa baba yake, akakiri, baba akamsifu kwa kusema kweli. Na kundi moja likasomewa sungura na kobe, ambayo haihusu uongo hata kidogo, ili pawe na cha kulinganishia. Basi pua ndefu haikusaidia, mbwa mwitu hakusaidia, hao watoto walidanganya sawa tu na wale wa kobe. Iliyosogeza watoto kwenye ukweli ilikuwa ya Washington peke yake, na watafiti walipoigeuza mwisho ili yule mtoto apate adhabu badala ya sifa, nguvu yake ikaisha. Yani vile vitisho tunavyovitegemea sana, ukidanganya utaliwa na zimwi, mtoto anavisikia, anaogopa, alafu anadanganya vile vile.

Kuna lingine litakalowauma mashabiki wa Sungura. Miaka michache baadaye, huko huko Canada, mjini Toronto, watoto wa miaka 4 hadi 6 walisomewa hadithi ya kugawana vitu. Kundi moja wahusika ni watu, kundi jingine hadithi ni ile ile ila wahusika ni wanyama waliovishwa nguo na kusemeshwa. Baadaye watoto wakapewa stika, waone watamwachia ngapi mtoto mwingine ambaye hayupo. Waliosomewa ya watu walizidisha ukarimu, wale wa wanyama wapi! Mimi hapo sikushangaa. Sungura wetu, au Wakayima kama Waganda wanavyomwita, tangu lini amekuwa mfano wa adabu? Huyo ni mwizi na mwongo wa kutupwa, anakula karanga za shamba la mtu usiku, asubuhi anampaka fisi matope mdomoni ili aonekane ndo aliyezila, na sisi tunacheka tu. Wazee waliotuachia huyo kiumbe hawakuwa wajinga, walijua wanachofanya, ila hawakuwa wanafundisha kugawana stika.

Sasa walikuwa wanafanya nini?

Jirani yangu mmoja hapa Kireka ni mama aliyekulia kambini, baba yake alikuwa askari, kwaiyo nyumbani kwake Kiswahili ndo lugha, Kiganda ni cha sokoni na dukani. Umeme ukikatika watoto wa vyumba vyote vya ile mizigo, yani vile vyumba vya kupanga vya mstari mmoja, wanajaa mlangoni kwake, yeye anaita "Paukwa!", wanajibu "Pakawa!" mpaka mabati yanatikisika. Jioni moja alikuwa anasimulia Sungura na Fisi waliopata nyama. Wakaiweka kwenye kapu, Fisi akaenda kisimani, huku nyuma Sungura akaitoa nyama akaificha mvunguni, kapu akalijaza mawe. Hapo mama akanyamaza, akawageukia. "Haya, Fisi huyo anarudi na mtungi, njaa imemshika. Nyama ataitafuta wapi?" Kitoto cha kiume cha miaka 3 hivi kikaruka: "Mvunguni! Iko mvunguni!" Dada yake, yuko darasa la mwisho la nasari, akamtazama kwa dharau kamili. "We, Fisi hajui. Atafungua kapu." Na Fisi kweli akafungua kapu, wale wakubwa wakaangua kicheko, na yule mdogo naye akacheka mana ameona wenzake wanacheka.

Kati ya yule wa miaka 3 na dada yake pana hatua kubwa kuliko kujua A mpaka Z. Mdogo anajua nyama iko wapi, na kwake yeye anachokijua yeye dunia nzima inakijua, Fisi akiwemo. Dada yake tayari ameshika kwamba kichwani mwa mtu mwingine kunaweza kuwa na picha tofauti, tena picha ya uongo, na mtu huyo atatembea kwa kuifuata hiyo picha yake. Mwaka 1983 Heinz Wimmer na Josef Perner kule Austria walitunga kipimo cha hicho kitu, na ukikiangalia kinafanana na Fisi na kapu karibu kila kitu: mtoto anaitwa Maxi anaweka chokoleti kwenye kabati moja, anatoka kwenda kucheza, mama yake anaihamishia kabati lingine, Maxi anarudi, ataangalia wapi? Watoto wa miaka 3 wengi wanataja pale ilipo kweli. Karibu na miaka 4 na 5 wanaanza kupatia. Na ona vizuri, wanasayansi walipotaka kupima akili ya aina hiyo ilibidi watunge hadithi, hawakupata njia nyingine nyepesi zaidi.

Ngano za hila zote zinaendeshwa na hiyo injini. Mmoja anajua, mwingine hajui, na mtoto anayesikiliza anakaa katikati akibeba mawazo ya wote wawili kwa wakati mmoja. Kumbe yule Sungura mwizi ndo mwalimu mzuri kabisa wa kazi hii, mana mhusika mwema asiyemficha mtu kitu hampi mtoto kazi yoyote. Uwezo huo ukishakaa ndo baadaye mtoto anaelewa kwamba aliyemkanyaga hakukusudia, kwamba baba amenuna kwa sababu ya kazi sio kwa sababu yake. Na ndio, ni uwezo huo huo unaomfanya aanze kudanganya kwa ustadi, kwaiyo mwanao wa miaka 4 akikudanganya kwa mara ya kwanza ukakaribia kuamini, kasirika lakini ujue kichwa kinakua.

Jambo la pili ni lugha, na hapa watu wengi wanadhani hadithi inaongeza maneno basi. Inaongeza, lakini ebu sikiliza maneno anayoambiwa mtoto mdogo kuanzia asubuhi mpaka jioni: njoo, kaa, kula, acha hiyo, nawa, viatu viko wapi, nitakuchapa. Yote ni ya hapa na sasa hivi, na yote yana kitu cha kuonyesha kwa kidole, hata asipoelewa neno ataelewa mkono wako unapoelekea. Hadithi haina cha kuonyesha. "Hapo zamani palikuwa na mzee aliyeishi ng'ambo ya mto" — mzee hayupo, mto haupo, zamani haipo, na mtoto ana maneno yako matupu ya kujengea kila kitu. Hii kazi ya kujenga kisichoonekana kwa maneno peke yake ndo ile ile atakayoifanya akifungua kitabu darasa la tatu, kwaiyo aliyesimuliwa sana anafika shule akiwa ameshaanza kusoma hata kama hajui herufi moja. Alafu ndo unakuja na maneno ambayo kwenye amri za nyumbani hayapiti kabisa: akanyemelea, akachungulia, akajuta, akaduwaa, kumbe!

Na ile kero ya mtoto kutaka hadithi ile ile kila siku? Mpe. Mwaka 2011 Jessica Horst na wenzake Uingereza walijaribu na watoto wa miaka 3, kundi moja likasomewa hadithi zile zile kwa kurudia, kundi jingine hadithi tofauti tofauti, lakini maneno mapya yaliyowekwa ndani yakarudiwa idadi sawa kwa wote. Wa ile ile ndo waliyashika maneno zaidi. Inaeleweka, mara ya kwanza mtoto anahangaika kujua nani kafanya nini, mara ya pili anapumua, mara ya tatu ndo anapata nafasi ya kuyatazama maneno yenyewe. Anayechoka ni wewe.

Hapa sasa ndo nakuja kwenye kile ninachokiona kikubwa kuliko vyote. Mwaka 1995 watafiti wawili wa Marekani, Betty Hart na Todd Risley, walitoa kazi yao waliyofuatilia familia 42 huko Kansas, wakasema watoto wa nyumba maskini wanasikia maneno pungufu kwa milioni 30 kufikia karibu miaka 4 ukilinganisha na wa matajiri. Hiyo milioni 30 ilizunguka dunia nzima, wazazi wakaambiwa ongeeni, ongeeni. Baadaye watu wakaipinga, kwamba familia ni chache, kwamba hawakuhesabu maneno ya ndugu, majirani na bibi walio pembeni, ambalo ukiwa umekulia Afrika unajua ni shimo kubwa. Alafu 2018 Rachel Romeo na wenzake kule Boston wakachukua watoto 36 wa miaka 4 hadi 6, wakawavalisha vinasa sauti nyumbani, kisha wakawaingiza kwenye mashine ya kupiga picha ubongo huku wakisikiliza hadithi fupi. Kilichoendana na ubongo kuchangamka sehemu ya lugha hakikuwa wingi wa maneno ya wakubwa, ilikuwa ni mara ngapi mtoto na mkubwa wanapokezana, we unasema, yeye anajibu, unamjibu, anarudi. Na hilo lilisimama hata baada ya kuweka pembeni kipato cha familia.

Ukishasikia hivyo rudi uangalie hadithi zetu zilivyoundwa. Huwezi kuanza peke yako! "Hadithi, hadithi!" lazima wakujibu "Hadithi njoo!" ndo uendelee. "Kitendawili!" mpaka waseme "Tega!" Waganda wanakwambia "Koyi koyi!" na wasipojibu "Lya!" hakuna kitendawili. Alafu katikati kuna wimbo, na wimbo ni wa wote. Kwenye ngano ya Njabala, yule binti aliyedekezwa mpaka akaolewa hajui kulima, roho ya mama yake inakuja shambani kumlimia huku ikiimba, na hakuna mtoto wa Kiganda anayeusikia huo wimbo akakaa kimya. Msimulizi akishamaliza akiwa ameongea peke yake dakika ishirini, hata angekuwa na sauti ya redio, ameharibu.

Ndo mana lile swali la "tumejifunza nini" linaniudhi. Lina jibu moja na jibu ni la mkubwa. "Fisi ataitafuta wapi?" ni swali la kweli, mtoto anaweza kukosea, mwenzake anaweza kumbishia, na wote wanabaki ndani ya hadithi.

Kuna na upande wa moyo, nisiupite. Mwaka 2021 ulitoka utafiti wa Brazili wa watoto 81 wa miaka 2 hadi 7 waliolazwa wodi ya wagonjwa mahututi. Wengine walisimuliwa hadithi kama nusu saa, wengine kwa muda huo huo wakategwa vitendawili na mtu yule yule. Wakapimwa mate kabla na baada. Kotisoli, ambayo ni homoni ya msongo, ilishuka kwa wote, oksitosini ile ya kutulia na kuamini watu ikapanda kwa wote, maumivu yakapungua kwa wote, lakini kwa waliosimuliwa hadithi mabadiliko yalikuwa karibu mara mbili. Vitendawili navyo vimo, sio haba. Kwa Uganda hilo sio la kusoma na kupita, tuna wakimbizi zaidi ya milioni 1.5, na ukienda Nakivale kule Isingiro, makazi yaliyofunguliwa tangu 1958, ama Kyangwali, ama Kyaka II, Kiswahili cha Kongo ndo utakachokisikia kwenye foleni ya maji. Sisemi hadithi inatibu vita, mtu asinielewe vibaya. Nasema mtoto aliyelala njiani wiki nzima akipata mkubwa mmoja anayemsimulia kila jioni kwa lugha yake, mwili wake unapata kitu cha kupimika, na hakihitaji bajeti.

Haya, simu. Najua mtaniambia kwenye simu kuna hadithi nyingi, tena zenye picha na muziki, na mtoto anatulia kabisa. Anatulia ndio. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake Seattle walichukua watoto wa miezi 9 wa Kimarekani, wakawapa vipindi 12 vya Kichina cha Mandarin. Waliokaa na mtu wakaanza kutofautisha sauti za Kichina. Waliopewa mtu yule yule kwenye video, maneno yale yale, hawakupata kitu, sawa na waliosikia sauti tu. Skrini haisubiri jibu, ukisema "mvunguni!" katuni inaendelea na mambo yake. Shirika la Afya Duniani 2019 likasema mtoto chini ya miaka 2 asiwekwe mbele ya skrini, wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa moja kwa siku, na kwenye waraka huo huo wakaandika kwamba muda wa kukaa chini utumike kusomewa na kusimuliwa hadithi na mlezi. Mimi sio wa kukwambia utupe simu, kuna siku umechoka na sufuria ya posho iko motoni. Ila ukikaa naye mkaangalia pamoja, ukasimamisha, ukauliza "sasa huyu ataenda wapi?", hapo umeirudisha ile kupokezana iliyokosekana.

Lugha gani sasa? Hili ndo linaloniuma zaidi hapa mjini. Mtaala wa 2007 unasema darasa la kwanza mpaka la tatu mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo lake, Kiingereza kishike kuanzia la nne, lakini Kampala na miji mingine ni Kiingereza tangu nasari, na nasari zetu nyingi ni za watu binafsi, mzazi analipa na anataka asikie mwanae akiongea Kiingereza Ijumaa ya wiki ya kwanza. Basi mama wa watu anarudi nyumbani naye anajilazimisha kusimulia kwa Kiingereza. Na hadithi inakufa mikononi. Mtu anayejua kwa Kiswahili kumwelezea Fisi alivyonyata, alivyomeza mate, alivyojikuna, alivyojifanya anapita tu njia, kwa Kiingereza cha kuunga unga anabaki na sentensi tatu: fisi alikuja, alikuwa na njaa, alikasirika. Mtoto hapo amepata Kiingereza kibovu na hadithi kibogoyo. Kama unagombana kwa Kiswahili, simulia kwa Kiswahili. Kama ni Kinubi kule Bombo, Kilugbara kule Arua, Kisamia kule Busia, hicho hicho. Uwezo wa kuelewa hadithi, kujua nani anataka nini na kwa nini mambo yameharibika, hauna lugha, mtoto akiupata kwa Kinubi anauhamishia Kiingereza atakapokijua. Anayetaka vya kusoma, kwenye tovuti ya African Storybook kuna hadithi fupi za picha za bure, Kiswahili kimo, Kiganda kimo, unaweza kupakua ukachapisha.

Wa kusimulia ni nani? Tuseme ukweli, baba anafika saa mbili usiku na foleni ya Jinja Road imemmaliza, mama naye vile vile, na mtoto wa miaka 4 ameamshwa saa kumi na moja alfajiri kusubiri gari la shule. Anayekaa naye ni yaya. Binti wa miaka 19 kutoka kijijini, na mara nyingi huyo ndo anayejua ngano kuliko sisi wote mana kwao aliziacha juzi juzi, lakini anaona aibu, anadhani bosi anataka mtoto asikie Kiingereza cha televisheni. Mwambie. Mwambie waziwazi "dada, ukimaliza kumwogesha msimulie zile za kwenu, kwa lugha yako". Wachache sana wanaowaambia.

Na ukiwa huna ngano hata moja, umekulia mjini hukusimuliwa, simulia jana. Watafiti Robyn Fivush na Elaine Reese wamefuatilia kwa miaka jinsi wazazi wanavyokumbushana mambo na watoto. Kuna mzazi anayeuliza "tulienda wapi? na nani? sawa", akamaliza. Kuna anayefungua: "unakumbuka tulivyoenda soko la Owino ukapotea kidogo pale kwenye mitumba? Nani alikuona kwanza? Ulikuwa umeshika nini vile? Na mimi nilifanyaje nilipokuona?" Watoto wa huyu wa pili wanakua na kumbukumbu pana zaidi na wanasimulia vizuri zaidi. Owino inatosha kabisa, haihitaji sungura.

Za kutisha je? Wazazi wengi wa sa hizi wameziondoa. Kintu na Nambi, ile ngano ya Waganda ya mtu wa kwanza na mkewe, inasimuliwa bila Walumbe, yani kifo kimetolewa, sasa sijui kinachobaki ni nini, ni watu wanahama na kuku. Mi naona hofu ikiwa ndani ya hadithi, mtoto yuko mapajani kwa mtu anayemwamini na zimwi linaishia mahali, hiyo ni hofu ya mazoezi. Ya kuacha ni ile ya kumtishia mtoto ili alale, zimwi linakuja sasa hivi hapa dirishani, mana hilo halina mwisho na dirisha ni la kweli.

Nasari nako kuna la kusema. Darasa lina watoto 50, ticha mmoja, na wazazi wanadai homuweki ya kuandika mana huko mbele kuna shule za msingi zinawafanyia watoto wa miaka 6 usaili wa kuingia. Kusimulia kunaonekana ni kupoteza muda. Mwalimu mmoja wa chekechea wa Chicago, Vivian Paley, alikuwa na njia ambayo naamini inawezekana hata kwenye vumbi la uwanja wa shule zetu: mtoto mmoja au wawili kwa siku wanamwambia ticha hadithi yao, ticha anaiandika kama ilivyotamkwa, mistari minne mitano, baadaye darasa zima linaizunguka na wenzake wanaiigiza. Gharama ni kalamu. Na wale 48 waliobaki hawakai wakisinzia, kuna miti, kuna mto, kuna simba watatu.

Ukiijaribu nyumbani, ukamwambia leo wewe ndo unasimulia, jiandae mana itakuja imevunjika. Wa miaka 3 anarundika tu: kulikuwa na fisi, na boda, na jajja (bibi), na fisi akala kikomando (ile chapati ya kukatwa na maharage), mwisho. Karibu na miaka 5 utaanza kuona mtu anayetaka kitu, kikwazo, na namna alivyokishinda, na hapo utajua. Katikati usimsahihishe kwamba fisi hawali kikomando. Muulize "alafu?" Akinyamaza, muulize nani alikilipia.